Mapochopocho Matamu ya Sikukuu: Upishi wa Nyumbani Thika na Ruiru

Utangulizi

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika miji ya Thika na Ruiru, methali hii hudhihirika wazi msimu wa sikukuu unapowadia. Wakati wa Krismasi, Pasaka na Idi, na hata siku za mikutano ya vyama vya akina mama, jamaa walio mbali hurejea nyumbani, majirani hualikana na watoto huvishwa nguo mpya. Chapati na nyama huwa zimekwisha kupangiwa. Linalomsumbua mwenyeji ni kile kitakachotiwa katika sahani ndogo na kuandaliwa pamoja na chai. Wengi hukimbilia biskuti na keki za dukani, ilhali sukari, njugu, nazi, unga na nanasi zinatosha kutoa vitu vitamu zaidi, bila tanuri wala mashine.

Makala haya yanadhamiria kueleza mapishi matatu ya aina hiyo: kashata, kaimati na keki ya sufuria. Hoja kuu ni kwamba mapishi haya ni mepesi kwa vifaa, lakini yanadai maarifa mawili, yaani kuisoma shira na kuichagua njugu. Maarifa ya kwanza yakikosekana, sukari ndiyo huharibika. Ya pili yakikosekana, afya ya walaji ndiyo huwa hatarini.

Vyakula vya Pwani katika Mji wa Bara

Kashata na kaimati ni vyakula vilivyokita mizizi katika upwa wa Afrika Mashariki, na majina ya upishi huo hubeba historia yake. Neno kaimati linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya matonge madogo ya kutia kinywani. Maneno sukari na halwa nayo yana asili ya Kiarabu. Kadiri watu walivyosafiri kutoka pwani kuelekea bara kwa biashara na kazi, ndivyo vyakula hivi navyo vilivyosafiri. Njia ya reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mji huo ukaendelea kukua kama kituo cha mashamba na viwanda, ukiwavuta watu wa makabila na dini mbalimbali.

Mazingira ya Thika nayo yana mchango wake. Mashamba makubwa ya nanasi ya kampuni ya Del Monte yanafahamika nchini kote, na yeyote apitaye katika barabara ya kuelekea Garissa huyaona. Aidha, mkulima Bob Harries alileta miche ya makadamia kutoka Australia na kuipanda karibu na Thika mwaka 1946. Leo hii mti huo hupandwa katika mashamba mengi ya Kiambu na Murang'a. Kwa hivyo, mpishi wa Thika au Ruiru anaweza kuiga mapishi ya pwani huku akitumia mazao yanayokua karibu na mlango wake.

Kuisoma Shira

Shira ni sukari iliyoyeyushwa katika maji na kuchemshwa mpaka ikawa nzito. Kadiri inavyochemka, maji hutoka kama mvuke, sukari huzidi kukolea na joto lake hupanda. Kiasi cha maji yaliyobaki ndicho huamua kama shira ikipoa itakuwa laini, ya kunata au ngumu ya kuvunjika.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya upishi havilitaji. Vipimo vya joto vinavyoandikwa vitabuni aghalabu huwa vya sehemu zilizo usawa wa bahari. Mjini Mombasa maji huchemka yafikapo nyuzi 100 za Selsiasi. Thika na Ruiru zimeinuka takriban mita 1500 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi zaidi, na maji huchemka katika nyuzi zipatazo 95. Shira nayo hufikia kila hatua ya ukolevu katika joto lililo chini kwa nyuzi tano hivi. Mpishi wa Ruiru atakayengoja joto lilelile la kitabu ataivusha shira yake, na kashata za nazi zilizotarajiwa kuwa laini zitakuwa ngumu kama mawe.

Njia ya kuepuka tatizo hili ni ile iliyotumiwa na wapishi wa tangu jadi, nayo haihitaji kipimajoto. Bakuli la maji baridi huwekwa kando ya jiko, na tone la shira hudondoshwa ndani yake. Tone likitawanyika na kupotea, shira bado ni changa. Likijikusanya na kuwa tonge laini linalobonyea kati ya vidole, shira inafaa kwa kashata za nazi. Likigeuka uzi mgumu unaovunjika kwa mlio, inafaa kwa kashata za njugu. Jaribio hili hupima ukolevu wenyewe, kwa hivyo hutoa jibu lilelile Lamu na Thika.

Mpishi azingatie mambo mengine mawili. Kwanza, matone machache ya maji ya limau yatiwe mwanzoni, kwa kuwa uchachu wake huzuia shira isirudi kuwa chembechembe. Pili, shira inayochemka ina joto kali kuliko maji yachemkayo na hunata inapogusa ngozi. Watoto wakae mbali na jiko hadi wakati wa kukata na kupanga.

Kashata za Njugu na za Nazi

Kashata za njugu huhitaji vikombe viwili vya njugu karanga zilizokaangwa na kuondolewa maganda, kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe cha maji, matone ya limau na nusu kijiko cha chai cha hiliki iliyosagwa. Sinia hupakwa mafuta kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu shira haimngojei mtu. Sukari, maji na limau huchemshwa bila kukorogwa mpaka shira ifikie hatua ya uzi unaovunjika na kuanza kugeuka rangi ya dhahabu. Sufuria huepuliwa, njugu na hiliki hutiwa na kuchanganywa upesi, kisha mchanganyiko humwagwa sinianina kusawazishwa kwa mwiko uliopakwa mafuta. Vipande hukatwa kungali na uvuguvugu. Zikishapoa kabisa, kashata hutiwa katika mkebe unaofunga vizuri, la sivyo zitavuta unyevu wa hewa na kunata.

Anayetaka kashata zenye ladha ya Thika anaweza kuweka makadamia zilizokatwakatwa mahali pa nusu ya njugu. Makadamia zina mafuta mengi na huungua haraka, kwa hivyo zikaangwe peke yake kwa moto mdogo.

Kwa kashata za nazi, vikombe viwili vya nazi iliyokunwa hupikwa na kikombe kimoja na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji na hiliki. Shira huchemshwa kwanza mpaka hatua ya tonge laini. Nazi hutiwa, kisha hukorogwa kwa moto wa wastani hadi mchanganyiko uanze kuachana na kuta za sufuria. Tofauti na za njugu, kashata hizi hukorogwa makusudi ili sukari irudi kuwa chembe ndogondogo na kuwa laini mdomoni. Nusu ya mchanganyiko inaweza kutiwa rangi ya chakula, na sahani ikapendeza kwa vipande vyeupe na vyekundu.

Kaimati

Kaimati hupendwa sana katika futari za mwezi wa Ramadhani, lakini hakuna karamu isiyozifaa. Vikombe viwili vya unga wa ngano huchanganywa na kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko kimoja cha sukari, chumvi kidogo na takriban kikombe kimoja na robo cha maji vuguvugu. Rojo hupigwa kwa mkono mpaka liwe laini na lenye kuvutika, kisha hufunikwa liumuke. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Thika huichelewesha hamira, hivyo bakuli liwekwe mahali penye joto. Rojo likishakuwa maradufu, mpishi huchota matonge madogo kwa vidole vilivyoloweshwa na kuyadondosha katika mafuta ya moto wa wastani, akiyageuza mpaka yawe ya rangi ya dhahabu pande zote. Moto ukiwa mkali, nje huiva na ndani hubaki mbichi.

Shira ya kaimati hutengenezwa kwa kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji. Tone lililopozwa kidogo sahanini likifanya uzi mwembamba kati ya vidole viwili, shira iko tayari. Kaimati huviringishwa ndani yake na kuandaliwa siku hiyohiyo.

Keki ya Sufuria yenye Nanasi

Nyumba nyingi za kupanga katika mitaa kama vile Makongeni mjini Thika au Kihunguro mjini Ruiru hazina tanuri. Hilo halijawazuia wenyeji kuoka keki. Sufuria kubwa hutiwa mchanga safi wa kimo cha vidole viwili na kupashwa moto kwa dakika kumi. Sufuria ndogo yenye keki huwekwa juu ya mchanga, ile kubwa hufunikwa, na makaa machache hutandazwa juu ya kifuniko. Kwa njia hii joto hutoka chini na juu kama katika tanuri.

Sufuria ndogo hupakwa siagi, na vijiko vitatu vya mezani vya sukari hunyunyizwa chini. Juu ya sukari hupangwa vipande vyembamba vya nanasi lililoiva. Nanasi huzuia keki isiungue, na maji yake huchanganyika na sukari yakawa shira. Gramu 200 za siagi hupigwa pamoja na kikombe kimoja kisichojaa sana cha sukari mpaka ziwe nyeupe, mayai manne huongezwa moja baada ya jingine, kisha vikombe viwili vya unga wa ngano unaojiumua hutiwa pamoja na vijiko vinne vya maziwa. Maziwa huzidishwa kidogo na sukari hupunguzwa kwa sababu ileile ya mwinuko: katika hewa nyepesi keki huumuka haraka na hukauka upesi. Baada ya dakika 45 hadi saa nzima, kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu. Keki hupinduliwa sahanini na nanasi likawa juu.

Jiko la makaa liwashwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Katika chumba kilichofungwa, makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua.

Njugu Isiyofaa Haisafishwi kwa Sukari

Jambo lililobaki ndilo zito zaidi. Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki nchini Kenya baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Walioathirika zaidi walikuwa wakazi wa Makueni na Kitui, lakini iliyokuwa wilaya ya Thika pia ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyokumbwa. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaomea katika nafaka na mbegu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Njugu karanga ni miongoni mwa mazao ambayo kuvu hao huyapenda mno. Mwaka 2019, Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku baadhi ya chapa za siagi ya njugu na za unga wa mahindi kwa sababu hiyohiyo. Mbali na kuua ghafla inapokuwa nyingi, sumu hii ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani ya ini.

Mpishi wa kashata ana sababu mbili za kuwa mwangalifu. Ya kwanza ni kwamba kukaanga kwa kawaida hakuimalizi sumukuvu. Ya pili ni kwamba utamu huficha. Njugu iliyoharibika aghalabu huwa chungu, na yeyote aitafunaye peke yake huitema. Ikishavikwa shira na hiliki, hata mtoto huimeza bila kulalamika. Kwa hivyo ukaguzi wote hauna budi kufanywa kabla ya sukari kutiwa.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Njugu zinunuliwe kwa muuzaji anayezihifadhi mahali pakavu, ndani ya magunia yanayopitisha hewa na yasiyogusa sakafu. Nyumbani zitandazwe katika sinia penye mwanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu zitupwe. Wasipewe kuku wala kusagwa, kwani sumu hupita hata katika lishe ya mifugo. Zilizobaki zikaangwe, zimenywe na kukaguliwa tena, maana doa lililofichwa na ganda jekundu huonekana wakati huo. Uteuzi huu hauondoi hatari yote, lakini huipunguza kwa kiasi kikubwa. Mwisho, mwenyeji awaulize wageni iwapo kuna asiyepatana na njugu, na watoto wachanga wasipewe njugu nzima zisije zikawakaba.

Hitimisho

Imebainika kwamba kashata, kaimati na keki ya sufuria zinaweza kuandaliwa katika chumba kimoja chenye jiko moja, kwa viungo vinavyopatikana sokoni Thika na Ruiru. Maarifa yake hayakuwa yakiandikwa. Mtoto aliyapokea akiwa amesimama kando ya mama au nyanya yake, akitazama tone la shira likizama ndani ya bakuli la maji na kuambiwa njugu ipi aitupe. Keki inaponunuliwa kila sikukuu, somo hilo hukosa mahali pa kufundishiwa, na maneno kama shira huanza kusahaulika pamoja na ujuzi wenyewe. Familia itakayowaketisha watoto mbele ya sinia la njugu mkesha wa Krismasi au wa Idi itapata kashata za kuwakirimu wageni. Watoto nao watakuwa wamejifunza kuiteua njugu njema kabla haijavikwa sukari.