Kanuni za Mataifa juu ya Kuwatunza Wafungwa

Mtu akishafungiwa mlango wa jela, wanaojua jinsi anavyoishi ni wachache sana, nao karibu wote ni watumishi wa jela ile ile. Akinyimwa chakula au akipigwa, ndugu zake walio nje hawana habari. Kila Serikali ina sheria zake za magereza, lakini sheria ya nchi yenyewe yaweza kuwa mbaya, au yaweza kuwa nzuri na isifuatwe. Ndiyo sababu mataifa yalitafuta kwa muda mrefu kipimo kimoja ambacho jela ya nchi yo yote yaweza kupimwa kwacho.

Shauri hili ni la zamani kuliko Umoja wa Mataifa. Mwaka 1872 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana London kuzungumza habari za magereza, na kutokana na mkutano huo ikapatikana tume ya kudumu. Tume hiyo ndiyo iliyoandika kanuni za kwanza, ambazo Shirika la Mataifa la wakati ule lilizikubali mwaka 1934. Baada ya vita kuu ya pili kazi ya tume ilichukuliwa na Umoja wa Mataifa. Kanuni zikaandikwa upya, zikapitishwa na mkutano uliofanywa Geneva mwaka 1955, na tarehe 31 Julai 1957 zikaidhinishwa na Baraza la Uchumi na Jamii.

Anayezisoma hashangazwi na maneno makubwa, kwa maana mambo yake mengi ni ya kila siku. Kila jela iwe na daftari lililojalidiwa, lenye kurasa zilizotiwa namba, na ndani yake liandikwe jina la mfungwa, sababu ya kufungwa kwake, siku na saa aliyoingia, na siku na saa aliyotoka. Mtu asipokelewe pasipo hati halali. Madirisha yawe makubwa kiasi cha kumwezesha mtu kusoma kwa mwanga wa jua. Asiyefanya kazi ya nje apate walau saa 1 kila siku ya kunyosha viungo nje, hali ya hewa ikiruhusu. Kuchapwa na kutiwa katika chumba cha giza kukatazwe kabisa. Namba zile za kurasa zaweza kuonekana kama jambo dogo la karani, lakini ukurasa wenye namba ukichanwa hujulikana, na mtu aliyeandikwa humo hapotei kwa urahisi.

Yafaa ifahamike kwamba kanuni hizi si mkataba. Hakuna Serikali iliyozitia sahihi, wala hakuna mahakama ya kuiadhibu nchi isiyozifuata. Serikali ziliombwa tu zimwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kila baada ya miaka 5, jinsi zilivyoendelea. Ombi la namna hiyo ni jepesi mno, na nchi nyingi zilizikubali kanuni kwa maneno huku magereza yao yakibaki kama yalivyokuwa.

Tena kanuni zenyewe zilikuwa na kasoro. Zile za mwaka 1955 ziliruhusu mfungwa aadhibiwe kwa kupunguziwa chakula, mradi daktari amempima na kuandika kwamba mwili wake waweza kustahimili. Bila shaka waandishi walikusudia kumlinda mfungwa. Lakini daktari alifanywa kuwa mmoja wa watoa adhabu, na mgonjwa atamwaminije mtu aliyetia sahihi ili yeye ashinde na njaa?

Kasoro ya pili iliwahusu watu waliozuiliwa pasipo kushtakiwa. Kanuni zilitaja waliohukumiwa na wanaongoja hukumu, lakini hawa hawakutajwa waziwazi. Nchini Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza mwaka 1952, maelfu waliwekwa kizuizini kwa amri ya Serikali, si kwa hukumu ya mahakama. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu waliokuwa kizuizini walipigwa na walinzi wao katika kulazimishwa kufanya kazi, na 11 wakafa. Habari ya kwanza ya Serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa kisheria ndio uliodhihirisha kwamba ni kipigo. Kanuni zilikuwa zimeidhinishwa tayari kwa muda wa karibu miaka 2. Ni mwaka 1977 tu ndipo kanuni ya 95 ilipoongezwa, ili waliozuiliwa bila mashtaka nao walindwe.

Kazi ya kuzirekebisha kanuni zote ilianza baadaye sana. Wataalamu wa Serikali mbalimbali walikutana mara kadhaa, mara ya mwisho Cape Town mnamo Machi 2015, na tarehe 17 Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha kanuni mpya 122. Zimeitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya kiongozi wa Afrika Kusini aliyefungwa miaka 27. Sasa kupunguza chakula au maji ya kunywa kwa ajili ya adhabu kumekatazwa, na daktari haruhusiwi kuwa na sehemu yo yote katika kutoa adhabu. Kumfungia mtu peke yake kwa saa 22 au zaidi kwa siku, pasipo kuzungumza na watu, kusizidi siku 15 mfululizo.

Jambo jingine lililoongezwa ni ukaguzi. Kanuni za zamani ziliridhika na wakaguzi waliowekwa na wenye mamlaka. Zile mpya zinataka, pamoja na hao, wakaguzi wa nje wasio chini ya idara ya magereza. Hao wana haki ya kufika bila kutoa taarifa, kusoma madaftari, kuchagua wenyewe mfungwa wa kuzungumza naye, na kuzungumza naye faraghani, askari asisikie.