Sura ya 6: Ndimu Juu ya Marumaru

Kata ndimu juu ya kaunta ya marumaru iliyong'arishwa, uache kipande kimelala hapo huku ukikaanga samaki. Ukija kukiondoa na kufuta, patabaki alama iliyofifia. Haina rangi, na ukitazama kwa juu huenda usiione. Inama uangalie kwa upande, mwanga wa dirisha utaionyesha. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwamba hakupaka dawa ya kuzibia. Kumbe huenda alipaka, tena mara mbili.

Marumaru ni kalisiamu kaboneti, madini yale yale yaliyomo kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za Lamu na Unguja. Asidi ikiyagusa huyala: gesi ya kaboni dioksidi inatoka, na mng'ao wa juu unakwenda nayo. Siki, ukwaju, nyanya na maji ya embe bichi hufanya kazi hiyo hiyo. Dawa ya kuzibia huingia katika vitundu vidogo vya jiwe na kuchelewesha maji na mafuta yasipenye, lakini uso wa jiwe unabaki wazi. Kwa hiyo inapunguza madoa, asidi haiizuii. Jambo hili muuzaji angepaswa kulitaja kabla hata ya bei.

Graniti ni habari nyingine. Imejaa kwazi na felspa, madini magumu ambayo ndimu haiyasumbui. Shida yake ni mafuta, hasa kwenye graniti nyeupe na za kijivu hafifu, ambazo nyingine hunywa sana. Nyeusi nyingi zinazouzwa kwa jina hilo si graniti kitaalamu. Ni gabro au mawe ya jamii yake, na zimeshikamana mno hata dawa ikakosa pa kuingia. Ikibaki juu hukauka na kuwa utando wa ukungu, na mwenye nyumba akadhani jiwe limechakaa.

Kwa fundi hakukosekani vipande, hasa vile vilivyokatwa kutoa nafasi ya sinki. Omba kimoja cha jiwe unalolitaka. Upande mmoja dondoshea ndimu, upande mwingine maji, usubiri kama dakika 15. Palipopata ndimu pakififia, hiyo ni marumaru au jiwe la jamii yake, hata likiitwa jina gani dukani. Chini ya maji pakiwa peusi zaidi, jiwe linakunywa na linahitaji dawa. Kwa jiwe jeusi, lisugue pia kwa kitambaa cheupe chenye asitoni. Kitambaa kikichafuka weusi, ujue limepakwa rangi.

Kupaka kwenyewe si kazi ngumu. Osha kaunta, iache ikauke kabisa, usiku mzima au zaidi. Sambaza dawa kwa kitambaa laini, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha futa yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Hapo kwenye kufuta ndipo wengi huharibu, kwa kudhani dawa nyingi ndiyo kinga nyingi. Lini urudie? Tone la maji litakuambia. Kalenda ya muuzaji ina maslahi yake.

Doa la mafuta likishaingia, kusugua hakusaidii. Changanya baking soda na maji hadi uwe uji mzito, ubandike juu ya doa, funika kwa plastiki kwa siku nzima, kisha ifunue uache uji ukauke. Unapokauka huvuta mafuta kutoka ndani, ingawa doa la zamani litataka kurudiwa. La manjano hupungua lenyewe likipigwa na jua. Alama ya ndimu haivutiki, kwani hakuna kilichoingia: dawa yake ni fundi kung'arisha upya. Usafi wa kila siku uwe maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Dawa za kuondoa kutu au ukoko wa chooni zisikaribie jikoni. Zile zenye asidi ya hidrofloriki hula hata graniti.

Kwa jiko ambalo ndimu na ukwaju haviishi, ningenunua graniti, na marumaru ningeipeleka sebuleni. Kama umeshaiweka jikoni, nunua ubao mkubwa wa kukatia, na ukimwaga siki, futa hapo hapo.