Rangi ya Waridi Ukutani

Mama wa nyumba atamani chumba cha kukaa kipakwe rangi ya waridi, iliyo hafifu, isiyong'aa. Baba ajibu kwamba nyeupe yatosha, tena fedha ya rangi ni fedha ya karo. Mabishano hayo yajulikana katika jamaa nyingi, nasi hatuwezi kumpa baba haki yote.

Tuchukue mfano wa Luena, mji wa makaa ya mawe ulio kando ya reli, kusini mwa Bukama. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Katanga huingia kila mlangoni, na ukuta mweupe huonyesha kila kidole cha mtoto. Waridi hafifu hulificha vumbi hilo, kwa maana ni wa ukoo mmoja nalo. Masizi ya jikoni hauyafichi. Hayo yataka ukuta upakwe upya kila mwaka. Kwa hiyo rangi na iwe ya bei ndogo.

Nayo ipo. Chukua chokaa, kama ile itokayo katika mawe ya Kakontwe karibu na Likasi, utie udongo mwekundu uliotwangwa na kuchekechwa vizuri. Chokaa ni kali, hula rangi nyingi za maua na majani. Lakini wekundu wa udongo ni kutu ya chuma, haufifii upesi. Chumvi kidogo husaidia rangi kushika. Lowesha ukuta kwanza, kisha upake mara mbili kwa wepesi kuliko mara moja kwa uzito. Watoto wakae mbali, kwani chokaa huunguza macho.

Usichague rangi kwa kuitazama ndooni. Ikiwa mbichi huonekana nyekundu mno, na wengi hushtuka wakaongeza chokaa. Ikikauka hubaki nyeupe tu. Anza na kijiko kimoja cha udongo kwa kopo la chokaa, upake kipande kidogo karibu na dirisha na kingine pembeni penye giza, ungoje siku mbili. Vitazame asubuhi, tena usiku kwa taa, maana mwanga wa taa ya mafuta huufanya waridi uelekee manjano. Hapo baba na mama waamue pamoja.

Wako wanaume wasemao kwamba rangi hiyo ni ya wanawake. Basi wamtazame padre altareni Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima: aweza kuvaa kasula ya rangi ya waridi, ishara ya furaha katikati ya toba.

Anayependelea rangi ya mafuta ya dukani aulize kwanza kama haina risasi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, kwa ajili ya afya ya wapakaji. Leo twajua kwamba mtoto aumia zaidi: hulamba vidole vyenye vumbi la rangi iliyobanduka, na risasi hudhuru akili yake. Hata hivyo rangi za namna hiyo zingali zauzwa katika nchi nyingi.

Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kiunoni, ipakwe udongo mwekundu mzito zaidi, kwa ajili ya mikono na migongo ya viti. Na rangi ya chumba kizima ichanganywe mara moja, kwa kuwa ndoo ya pili haifanani kamwe na ya kwanza.