Alama Moja, Makosa Mawili

Kipimo cha kuelewa nia za watu kikimalizika, kinachobaki kwenye faili ni namba. Kwa mgonjwa wa skizofrenia namba hiyo haitoshi, kwa sababu huhesabu makosa bila kuuliza ni ya namna gani. Chukua kipimo cha vidokezo, kilichotungwa Uingereza mwaka 1995 na Rhiannon Corcoran, Chris Frith na mwenzao. Mhojiwa husomewa visa kumi. Katika kimojawapo, mgeni aliyetoka safari ndefu anaingia ofisini, mwenyeji anaanza mara moja habari za kazi, na mgeni anasema tu kwamba njia ilikuwa ndefu na joto kali. Anataka nini? Anayejibu kuwa anaomba kinywaji hupata 2. Asiyeng'amua huongezewa kidokezo cha wazi zaidi, na akipatia hapo hupata 1. Jumla ni 20.

Lakini kuna njia mbili za kukosa. Frith mwenyewe alizitenga katika kitabu chake cha 1992: yupo mgonjwa aliyejitenga na mwenye maneno machache, ambaye hafikirii kabisa kilichomo moyoni mwa mwingine, na yupo anayeamini kuwa anaandamwa, ambaye anajua fika kuwa wenzake wana nia, ila anawabandikia nia wasiyokuwa nayo. Wa kwanza atasema mgeni anaeleza hali ya barabara. Wa pili atasema anamlaumu mwenyeji kwa kumtesa makusudi. Wakishikilia majibu hayo hata baada ya kidokezo cha pili, wote wanapata sifuri, ingawa tiba ya mmoja ingemdhuru mwingine: ukimhimiza wa pili atafute zaidi maana zilizofichika, unaumwagia moto mafuta. Kinyume chake, Isabel Dziobek na wenzake, mwaka 2006, walitumia filamu ya takriban dakika 15 ya watu wanne wanaokutana kula chakula cha jioni, na wakaainisha majibu: sahihi, yaliyopungukiwa na nia, yaliyozidisha nia, na yasiyo na nia yoyote.

Wapo watakaosema kuwa yote haya ni kumbukumbu na akili tu, kwa kuwa mgonjwa husahau kisa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini kisa hurudiwa kusomwa, na uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha upungufu hata kwa waliopata nafuu, japo kwa kiasi kidogo. Pingamizi zito zaidi linatoka Marekani. Tathmini ya vipimo vya namna hii iliyoongozwa na Amy Pinkham, iliyokamilika 2018, ilikiweka kipimo cha vidokezo miongoni mwa vilivyo bora. Kwa nini basi kukilaumu? Kwa sababu ubora uliopimwa pale ni namba kutoyumba na kuendana na maisha ya mgonjwa nje ya kliniki. Namba isiyoyumba bado inaweza kuficha mambo mawili. Ni kweli pia kwamba tafiti hazikubaliani zote kama kuzidisha nia huenda sambamba na hofu ya kuandamwa. Hiyo ni sababu ya kuendelea kutenganisha makosa, kwani yakishajumlishwa swali lenyewe halijibiki tena. Anayetumia kipimo cha vidokezo na aandike jibu la mgonjwa neno kwa neno kabla ya kuandika alama.