Uteuzi wa Nyimbo katika Maonyesho ya Bendi: Mifano kutoka Mwambao wa Malindi na Kilifi

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuchambua wimbo kama walichambuavyo shairi: hutazamwa mizani, vina na mafumbo, kisha hutolewa hukumu. Lakini wimbo hauimbwi peke yake. Hutanguliwa na wimbo mwingine, hufuatwa na mwingine, na yuko mtu aliyeamua kwamba uimbwe wakati ule na si wakati mwingine. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uamuzi huo unavyofanywa na bendi za mwambao wa Kenya, hasa baina ya Kilifi na Malindi, na kuonyesha kwamba uamuzi wenyewe ni sehemu ya maana ya wimbo.

Tuanze na hoteli, kwa kuwa habari yake ni nyepesi. Wataliano walianza kuizoea Malindi tangu kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kilipoanzishwa Ngomeni katika miaka ya 1960, na utalii ukaenea hadi Watamu. Bendi ya hoteli humtazama mgeni: atokako, umri wake, na kama bado anakula au amekwisha kunyanyuka kucheza. Maneno hayana uzito mkubwa hapo. "Malaika" hupigwa kwa sababu wageni wengi wameusikia kwa sauti ya Miriam Makeba. "Jambo Bwana" nao ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Kaloleni iliyoanza mwaka 1972 na kupata riziki yake katika hoteli za pwani. Kundi la Boney M. lilitoa wimbo huo kwa namna yake mwaka 1983. Walimu wa lugha hulalamika kwamba salamu yake imevuliwa kiambishi cha nafsi. Malalamiko hayo, kwa maoni yangu, hayana shabaha: wimbo huo ni somo la kwanza la mtu atakayerudi kwao baada ya wiki mbili, na bendi huupiga ikijua hivyo.

Arusini mambo hugeuka. Bendi ya taarabu haiji na orodha iliyofungwa. Huja na hazina. Kiongozi wake hufungua kwa wimbo usiomgusa mtu, wa kumsifu bibi arusi au kuwapongeza wazazi wa pande mbili. Nyimbo hizo za mwanzo ni za taratibu, nazo humpa nafasi ya kuusoma ukumbi: nani ameketi na nani, na nani amegeuza uso. Baadaye huja maombi. Mwanamke hunyanyuka, hutembea kwa madaha hadi mbele, na noti mkononi, akamtunza mwimbaji katika ubeti ule ule autakao. Hela hiyo si bakhshishi tu. Ni sahihi yake chini ya maneno ya mtu mwingine. Tangu hapo fumbo lililotungwa na malenga asiyemjua huwa kauli yake yeye, na mlengwa, ambaye naye yumo ukumbini, hulipokea hivyo. Akiwa na la kujibu hatajibu kwa mdomo. Atangoja, kisha ataomba wimbo wake.

Tulipokuwa wanafunzi ng'ambo tulifundishwa, kwa kumfuata J. L. Austin, kwamba kusema ni kutenda, na mifano tuliyopewa ilikuwa ya kuahidi na ya kuipa meli jina. Arusi ya Malindi ingemtatiza Austin kidogo. Atendaye hapa si mtunzi wala si mwimbaji, bali ni yule aliyechagua, na hakutamka hata neno moja.

Ndipo madaraka ya kiongozi wa bendi yanapoonekana. Aweza kulichelewesha jibu kwa kisingizio cha kutengeneza nyuzi. Aweza kuingiza wimbo wa mapenzi baina ya vijembe viwili. Aweza, akiona macho yamewaka, kuhamia mdundo wa chakacha ili wote wainuke wacheze. Mwenye arusi naye huweza kumwonya mapema kwamba wimbo fulani usipigwe kabisa. Hii si adabu tupu. Malindi ni mji ambao jamaa wale wale watakutana tena katika arusi ya mwezi ujao, na bendi iliyochochea ugomvi haiitwi tena.

Kwenye vijiji vya bara ya Kilifi uteuzi ni wa lugha pia. Bendi ya mwanzele, au ya bango, mtindo unaohusishwa na mpiga saksafoni Joseph Ngala, huweza kukaribisha kwa Kiswahili, kisha ikahamia Kigiriama inapofika kuwataja wazee na ukoo. Atakayeandika nyimbo za Kiswahili peke yake, akaziacha hizo nyingine, atakuwa ameunukuu usiku nusu.

Chukua tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo. Diwani yake, "Malenga wa Mvita", ilitolewa mwaka 1971 ikiwa imehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, na mashairi yake yaliimbwa na Juma Bhalo, mara nyingi kwa mahadhi ya Kihindi. Msomaji wa diwani hufungua ukurasa autakao. Msikilizaji wa arusini hupewa ubeti huo huo baada ya kijembe cha jirani yake, na hausikii kama tuusomavyo sisi madarasani. Kwa hiyo mtafiti anayekwenda na kinasa sauti hana budi kukiacha kifanye kazi usiku kucha, huku akiandika nani alinyanyuka, katika ubeti upi, na baada ya wimbo gani. Kanda za taarabu zilizouzwa Mombasa na maduka kama Mbwana Radio Service zimetuhifadhia sauti nyingi; waliotembea na noti mkononi hawamo ndani yake.