Je, Wajua? Laini Ikivuka Mpaka

Je, wajua kwamba katika kufuta gharama za roming, yaani kutumia laini ya nyumbani ukiwa nchi nyingine, Afrika Mashariki iliitangulia Ulaya kwa zaidi ya miaka kumi? Septemba 2006 kampuni ya Celtel, aliyoianzisha Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Tanzania na Uganda ikaiita One Network. Mteja wa Dar es Salaam akifika Kampala alipiga kwa bei za wenyeji, alipokea simu bila kukatwa, na salio likiisha alinunua vocha ya duka la jirani akaikwangua. Umoja wa Ulaya ulifikia hapo tarehe 15 Juni 2017. Celtel ikaja kuwa Zain, mwaka 2010 ikaingia mikononi mwa Bharti Airtel.

Wajua kwamba baadaye serikali nazo zilijaribu? Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha Eneo la Mtandao Mmoja, Sudan Kusini ikajiunga: kupokea simu bure, kupiga senti 10 za dola kwa dakika. Mpango ulianza na simu za sauti, na Tanzania na Burundi hazikuwamo mwanzoni. Panda basi la Arusha kwenda Nairobi uone: pale Namanga mpakani kila mtu anatafuta kipini cha kufungulia tundu la laini, na asiye nacho anaazima hereni ya jirani.

Wajua kwamba mtandao hauyajui mawe ya mpaka? Niliwahi kulala Namanga, upande wa Tanzania kabisa, sikuvuka hata hatua moja. Usiku simu ikadaka mnara wa upande wa pili, programu zikajisasisha kwa raha zao, na kabla ya chai ya asubuhi salio lilikuwa limekwisha. Kinga yake ni ya dakika moja: zima data ya roming, kisha kwenye mipangilio chagua mtandao wako kwa mkono, usiiachie simu ijichagulie.

Je, wajua kwamba ukiwa kwenye roming, data yako kwa kawaida hurudi nyumbani kwanza? Hili wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou wanalijua kuliko mafundi wengi wa simu. Ukinunua laini ya China, au ukiunga waifai ya hoteli, Google haifunguki wala WhatsApp haiendi, kwa sababu unapita kwenye mlango wa Wachina na mlango huo una mlinzi. Lakini ukibaki na laini ya Tanzania kwenye roming, mnara wa Guangzhou unaibeba data yako ikiwa imefungwa mpaka kwa kampuni yako nyumbani, ndipo inapotokea kwenda intaneti. Picha za mzigo zinamfikia mteja Dar. Unalipa kwa njia mbili: bei, na uvivu wa data inayosafiri maelfu ya kilomita kwenda na kurudi. Wengine hununua eSIM za wasafiri, yaani laini zisizo na kadi zinazopakuliwa kwenye simu, ambazo nyingi kwa China data yake hutokea Hong Kong au Singapore, nazo hufanya kazi ile ile kwa bei nafuu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifurushi kina GB ngapi, muulize muuzaji data inatokea nchi gani. Akibaki anakukodolea macho, tafuta muuzaji mwingine.

Jambo hilo hilo liko Dubai. Kwa laini ya huko ujumbe wa WhatsApp unakwenda, ila kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, na wenyeji hutumia programu zilizoruhusiwa kama Botim. Anayetumia roming ya nyumbani mara nyingi hupita. Mama aliyebaki Tanga analalamika kwamba mwanawe hapokei simu, kumbe kosa ni la laini.

Wajua jinsi mnara wa ugenini unavyokutambua? Ndani ya laini kuna namba ndefu ambayo tarakimu zake tatu za kwanza ni nchi yako: 640 Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 422 Oman.

Wajua kwamba ramani ya simu haihitaji bando kujua ulipo? Setilaiti za GPS hutuma tu, simu husikiliza tu. Kinachokula data ni picha ya ramani yenyewe. Ipakue ukiwa nyumbani.

Na video je? Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya ubora wa juu hufika GB 3, na ya ubora wa chini kabisa hula takriban GB 0.3. Filamu ile ile, tofauti mara kumi! Kifurushi cha GB 5 cha wiki nzima kinaweza kuisha usiku mmoja hotelini.

Wajua kwamba neno "bila kikomo" lina kikomo? Ukifika kiasi fulani kasi hushushwa hadi picha moja ifunguke umekwishasahau ulitaka kuona nini. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye masharti, kwa herufi za chungu.

Na "siku moja" je? Kampuni nyingine huhesabu saa 24 tangu megabaiti ya kwanza, nyingine hukata saa sita ya usiku, tena saa sita ya usiku ya makao makuu yao. Ukikiwasha kifurushi cha siku saa tano usiku, huenda umenunua saa moja.

Wajua kwamba Uswisi haimo katika roming ya Ulaya? Norway, Iceland na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama wa Umoja. Uingereza ilitoka, kila kampuni ikaachiwa uamuzi wake. Ukipanda meli kubwa ikaacha bandari, simu hudaka mtandao wa setilaiti wa melini, ambao hata bei za Ulaya hazimfuati mteja humo. Hapo weka simu katika hali ya ndege, usibishane.

Je, wajua kwamba simu ya zawadi kutoka Marekani inaweza kukataa laini yako? Zile zinazolipiwa kidogo kidogo huko mara nyingi hufungwa kwa kampuni moja hadi deni liishe. Kanada ilipiga marufuku ufungaji huo Desemba 2017, Uingereza Desemba 2021. Tena iPhone zilizouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tu. Kwa upande wa pili, ukienda Marekani na simu ya zamani, jua kwamba kampuni kubwa tatu za huko zilizima 3G mwaka huo huo wa 2022: data inaweza kupatikana, lakini simu ya kawaida ikagoma.

Kujua kama simu yako inakubali eSIM, bonyeza *#06#. Ikitokea namba iliyoandikwa EID, yenye tarakimu 32, inakubali. Iweke kabla ya safari, maana kuiingiza kunahitaji intaneti, nayo ndiyo unayoitafuta. Usiifute ukidhani utaiskani tena: msimbo wa QR mara nyingi hutumika mara moja.

Wajua kwa nini laini ya nyumbani isitolewe simuni ikatupwa mfukoni? Benki hutuma namba za siri kwa SMS, na kuipokea ugenini kwa kawaida ni bure. Simu ya sauti ni hadithi nyingine: kwenye roming mara nyingi hata anayepokea hukatwa. Kama simu yako ina nafasi mbili, ya nyumbani ibaki kwa SMS na data yake ikiwa imezimwa, ya ugenini ibebe bando.

Na hii wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Ghuba waisikie vizuri: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, namba ikauzwa upya. Unarudi baada ya miaka miwili, unapiga namba yako mwenyewe, mtu anapokea na kukuuliza, "Wewe nani, na namba yangu umeipata wapi?"