Umeme Unaolainisha Ncha ya Sindano

Mei 2009, majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianzia Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake. Chanjo imeandikwa sana. Sindano iliyoifikisha mwilini nayo ina sayansi yake.

Ncha ya sindano huchongwa kwa jiwe la kunolea. Ukiitazama kwa hadubini ikiwa imetoka tu kunolewa, utaona ukingoni vichembe vya chuma vilivyojikunja, ambavyo vingechana ngozi badala ya kuitoboa. Hapo msasa haufiki. Kazi ya kuviondoa hufanywa na umeme. Chuma hutumbukizwa katika mchanganyiko wa moto wa tindikali, aghalabu ya fosforasi na ya salfa, kisha huungwa kwenye upande chanya wa mkondo mnyoofu. Kinaanza kuyeyuka. Juu yake hutanda utando mzito wa majimaji, mnene mabondeni na mwembamba vileleni, kwa hiyo vilele ndivyo huliwa haraka zaidi. Kazi ni ya dakika chache, na kinachoondoka hakifiki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Aliyeifungulia njia mbinu hii ni Mfaransa Pierre Jacquet, kuanzia mwaka 1930 hivi. Mojawapo ya michanganyiko ya zama hizo ilikuwa ya kutisha: Februari 1947, tindikali ya pakloriki iliyotumika kung'arishia aluminiamu ililipuka kiwandani Los Angeles na kuua watu 17.

Kwa sisi wa pwani, faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Umeme huondoa madini ya chuma zaidi kuliko kromi iliyochanganywa nayo. Uso unaobaki una kromi nyingi, nayo ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba inayozuia kutu. Kuanzia Bagamoyo hadi Saadani upepo hubeba chumvi, na kloridi iliyomo ndiyo hutoboa ngozi hiyo, hasa penye mikwaruzo.

Sindano hutumika mara moja ikatupwa. Mikasi na koleo za upasuaji hurudi kazini, na ndizo zinazonitia wasiwasi. Kuzisugua kwa stilwaya, au kuzilaza usiku kucha kwenye maji ya klorini, ni kuziharibu. Damu ioshwe kabla haijakauka, kwa sabuni na brashi laini, kisha kifaa kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa kabisa. Kitundu cha kutu kikishachimbika, uchafu hujibana ndani, na brashi haiufikii tena.